Kutoka Kilimanjaro hadi Mbwa wa Turkana

Mwaka 1956, chini ya Mlima Kilimanjaro, wapasuaji watatu walikaa wakapanga jinsi ya kuwafikia wagonjwa ambao hakuna barabara ingewafikisha hospitalini wakiwa hai. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikwisha kupata jina kwa kuwatengeneza upya nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Michael Wood alikuwa mwanafunzi wake, tena rubani. Tom Rees alitoka Marekani. Mwaka uliofuata likazaliwa shirika la Flying Doctors, ambalo leo ni Amref Health Africa.

Kazi ilianza kwa ndege ndogo na misaada ya wahisani. Zahanati za misheni zilizokuwa porini zikagawiwa redio za upepo, muuguzi akawa anaweza kuita Nairobi na kueleza hali ya mgonjwa wake. Ndipo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na watu wa visiwa vya Lamu walipomjua Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyejifunza urubani akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Alirusha ndege yake mwenyewe, akatua, akachanja watoto, akang'oa meno, akaruka tena. Walimwita Mama Daktari, na alifanya kazi hiyo karibu mpaka kifo chake mwaka 1999.

Sifa nyingi za shirika hili zimeiendea ndege. Mimi naona sura yake iliyo bora iliandikwa ardhini, kaskazini-magharibi mwa Turkana, nchini Kenya, na mhusika mkuu alikuwa mbwa.

Huko watu walikuwa wakivimba matumbo. Mwanamke angedhaniwa mjamzito mwaka hadi mwaka, kumbe ini lake limebeba vifuko vya maji vinavyokua polepole. Chanzo chake ni tegu mdogo anayeishi utumbuni mwa mbwa. Mbwa humpata kwa kula ini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo au ngamia aliyeambukizwa; mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake, na binadamu akiyameza, vifuko huanza kukua mwilini. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika kuliko zote duniani.

Kwa nini Turkana? Mbwa wa huko alikuwa mlinzi na mlezi pia. Mtoto akijisaidia au kutapika, mbwa ndiye aliyemlamba akawa safi, na hivyo mayai ya tegu yakamfikia. Wageni wengi walikimbilia kulaumu mila. Lakini mama anayetembea saa nyingi kufuata maji hawezi kuyamwaga kwa kumtawaza mtoto kila mara! Hapo tatizo lilikuwa ukame na umbali wa kisima, na mama alitumia alichokuwa nacho.

Kwa miaka mingi wapasuaji walifungua matumbo na kutoa vifuko hivyo, huku wagonjwa wapya wakizidi kuja. Mwaka 1983 shirika likaanzisha mpango wa kuukata ugonjwa kwenye shina lake, kambi yake ikiwa Lokichoggio. Watumishi walizunguka boma kwa boma wakiandikisha mbwa na kuwapa dawa ya minyoo, kisha wakarudi baada ya wiki chache, kwa sababu tegu mpya huchukua takriban wiki sita kabla ya kuanza kutaga. Waliwaeleza wenyeji kwamba ini na mapafu ya mnyama aliyechinjwa yasitupiwe mbwa mabichi. Mashine ya kupima kwa mawimbi ya sauti ilibebwa mpaka vijijini, watu wakapimwa chini ya miti.

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Katika miaka ya 1980 vipimo vilionyesha zaidi ya watu 5 katika kila 100 wana vifuko. Ilipofika mwaka 2011, walikuwa chini ya 2. Hakuna ndege ingeweza kufanya hivyo peke yake, na mfadhili anayetaka picha nzuri ndani ya mwaka mmoja hawezi kuuvumilia mwendo huo.

Tegu hajamalizika Turkana. Mbwa wanaendelea kuzaliwa, mifugo inachinjwa, na maji bado yako mbali. Serikali ya kaunti na wahisani wanaotaka kuwasaidia wafugaji hawa waweke fedha katika dawa ya mbwa na visima, tena kwa miaka mingi mfululizo.