Kahawa ya kilimo hai kutoka Rusizi: masharti ya kuingia soko la Umoja wa Ulaya

Kahawa inayolimwa kwenye vilima vya Rusizi, kusini mwa Ziwa Kivu, inaweza kuuzwa Ulaya kama zao la kilimo hai na kupata nyongeza ya bei. Hata hivyo, hadhi hiyo haimo ndani ya punje. Inategemea vyeti na watu wote walioushika mzigo, kuanzia shambani hadi bandarini. Lori likitoka nje ya Rwanda kabla hati ya ukaguzi haijatolewa, mzigo wote unaweza kuuzwa kama kahawa ya kawaida, hata kama hakuna mkulima aliyenyunyiza tone moja la dawa.

Masharti haya yanawahusu wenye vyama vya ushirika, wauzaji nje, wenye vinu na wasafirishaji kwa pamoja. Wasafirishaji ndio mara nyingi huachwa bila maelezo, ilhali ni mikononi mwao hasara hutokea kwa urahisi.

Sheria inayotumika

Soko la Umoja wa Ulaya linaongozwa na Kanuni namba 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kabla yake, mashirika ya ukaguzi yaliyofanya kazi Afrika yaliruhusiwa kutumia viwango vyao wenyewe, mradi vionekane kuwa na uzito sawa na vya Ulaya. Utaratibu huo umekwisha. Kipindi cha mpito kilimalizika tarehe 31 Desemba 2024, na nyongeza ya muda waliyopewa baadhi ya wenye vyeti vya zamani ilikoma tarehe 15 Oktoba 2025. Sasa mkulima wa Rusizi anapimwa kwa kanuni zile zile anazopimwa nazo mkulima wa Ufaransa au Italia.

Rwanda haimo katika orodha ya nchi ambazo sheria zao za kilimo hai zimetambuliwa na Umoja wa Ulaya. Kwa sababu hiyo cheti hutolewa na shirika la ukaguzi lililoidhinishwa na Kamisheni ya Ulaya. Idhini hiyo hutolewa kwa kila nchi na kwa kila aina ya bidhaa. Shirika linaweza kuwa na idhini Uganda na lisiwe nayo Rwanda, au likawa nayo kwa mazao ghafi na si kwa bidhaa zilizosindikwa. Jambo hili liangaliwe kabla ya kulipa hata faranga moja.

Nani anaruhusiwa kushika cheti

Hapa ndipo mabadiliko makubwa yalipo. Katika utaratibu wa zamani ilikuwa kawaida kwa kampuni yenye kituo cha kuoshea kahawa kushika cheti kwa niaba ya mamia ya wakulima wanaoiletea kahawa mbivu. Kampuni ililipa wakaguzi, ikatunza daftari la wakulima, na cheti kikawa mali yake. Mkulima asiyeridhika na bei hakuwa na cha kuondoka nacho.

Kanuni mpya inataka kikundi kiwe cha wakulima wenyewe na kiwe na hadhi ya kisheria. Kwa Rwanda njia iliyo wazi ni chama cha ushirika kilichosajiliwa na mamlaka ya vyama vya ushirika, RCA. Kikundi kimoja hakiruhusiwi kuzidi wanachama 2,000. Kila mwanachama awe mkulima mdogo: kipimo kilicho rahisi kuthibitisha ni shamba lisilozidi hekta 5, na kwa Rusizi, ambako mashamba ni vipande vidogo, ni wachache watakaolizidi. Mashamba yawe karibu karibu, mauzo yafanyike kwa pamoja, na mwanachama asiandikishwe katika vikundi viwili kwa zao moja. Mkulima anayepeleka kahawa kwa vyama viwili ili apate malipo ya haraka anaviweka vyote viwili hatarini.

Kampuni yenye kituo, kinu au leseni ya kuuza nje haikufukuzwa sokoni. Itatafuta cheti chake yenyewe kwa kazi ya kuosha, kukoboa, kuhifadhi na kuuza nje, na itanunua kwa kikundi chenye cheti. Kwa lugha ya biashara, wakulima wamepata nguvu kidogo ya kujadili bei, nao wamebebeshwa makaratasi. Chama kisicho na karani hodari kitaona ugumu wa hili mapema.

Kikundi kinatakiwa kuwa na mfumo wake wa udhibiti wa ndani: orodha ya wanachama, ramani ya mashamba, makadirio ya mavuno, na ukaguzi wa kila mwanachama angalau mara moja kwa mwaka. Shirika la ukaguzi huja baadaye na kuwarudia asilimia 5 ya wanachama, wasiopungua 10, na kuchukua sampuli kwa asilimia 2. Likikuta kwamba mfumo wa ndani ulificha makosa, kikundi chote husimamishwa, pamoja na wasio na hatia.

Shambani

Wapo wanaoamini kwamba shamba lisilotiwa dawa kwa sababu mwenyewe hana fedha tayari ni la kilimo hai. Sheria haioni hivyo. Kwa mmea wa kudumu kama kahawa, shamba lazima lipite miaka 3 chini ya udhibiti kabla ya mavuno ya kwanza yanayoweza kuuzwa kwa jina hilo. Kutambuliwa kwa miaka iliyotangulia kunawezekana, lakini kunahitaji ushahidi mzito.

Mtihani mkubwa wa kahawa ya Rwanda ni mdudu antestia, anayehusishwa na ile kasoro ya kikombe chenye ladha ya kiazi. Mbolea ya viwandani na dawa za kunyunyizia zimekuwa zikigawiwa wakulima wa kahawa nchini kupitia michango ya wauzaji nje. Mwanachama anayepokea mgao huo, hata kwa ajili ya shamba la mahindi lililo pembeni, anapaswa kuliarifu kundi lake. Pareto, inayolimwa Rwanda kaskazini katika eneo la Musanze, inakubalika kwa kuwa inatokana na maua, ila mchanganyiko uliomo chupani ndio unaoamua. Dawa ya pareto iliyochanganywa na viungo vya kiwandani inaweza kukataliwa, hivyo jina la dawa lipelekwe kwa shirika la ukaguzi kabla ya kunyunyiza.

Barabarani na kinuni

Vinu vingi vya kukoboa kahawa ya kuuza nje viko Kigali. Mzigo unaondoka Kamembe, unapita msitu wa Nyungwe hadi Huye, ndipo unafika mji mkuu. Katika safari hii makosa ni ya kawaida sana na hayana nia mbaya.

Kosa la kwanza ni lori lenyewe. Bugarama, ndani ya wilaya hii hii, kuna kiwanda cha saruji cha Cimerwa, na malori ya huku hupakia saruji, mbolea, mchele na kahawa kwa zamu. Msafirishaji wa kahawa ya kilimo hai anapaswa kufagia na kuosha bodi, kuandika mzigo uliotangulia, na kutia saini fomu ya usafi. Fomu hiyo ni ukurasa mmoja tu, lakini mkaguzi huiomba.

La pili ni magunia. Gunia lililobeba mbolea halifai hata likifuliwa. Kila gunia lifungwe na liwe na alama ya jina la mwenye mzigo, namba ya shehena, neno la kilimo hai na namba ya shirika la ukaguzi, ambayo kwa Rwanda huanza na herufi RW-BIO. Gunia lisilo na alama likichanganyika na mengine katika ghala, hakuna mkaguzi atakayelitenga kwa kulitazama.

La tatu ni kinu. Kinu nacho ni lazima kiwe chini ya ukaguzi. Mashine husafishwa kwanza, na mara nyingi kilo za mwanzo za kahawa ya kilimo hai hupitishwa ili kusukuma mabaki, kisha kilo hizo huuzwa kama za kawaida. Mwenye kahawa akubaliane na mwenye kinu mapema ni nani anayebeba upungufu huo.

La nne ni bandari. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo ni kilomita zipatazo 1,500. Ni salama zaidi kontena lijazwe na kufungwa lakiri Kigali. Mzigo ukifunguliwa, kugawanywa au kufungashwa upya Dar es Salaam au Mombasa, kampuni inayofanya kazi hiyo nayo inatakiwa kuwa na cheti. Aidha, kufukiza ghala au kontena kwa gesi za kuua wadudu, jambo ambalo baadhi ya mawakala hulifanya kwa mazoea, huharibu hadhi ya mzigo. Katazo hilo liandikwe katika maagizo kwa wakala wa forodha. Kumwambia kwa simu tu hakutoshi.

Hati ya ukaguzi

Kila shehena inahitaji hati yake ya ukaguzi, inayotolewa na shirika la ukaguzi ndani ya mfumo wa kompyuta wa Umoja wa Ulaya uitwao TRACES. Shirika hulinganisha mzigo na cheti cha kikundi, makadirio ya mavuno na stakabadhi za kila hatua. Kikundi kilichokadiria tani 40 hakiwezi kuuza 55.

Hati lazima itolewe kabla mzigo haujaondoka nchini. Baadhi ya taarifa za usafiri ambazo hazijapatikana, mathalani namba ya kontena, zinaweza kujazwa ndani ya siku 10, lakini hati yenyewe haitolewi kwa kurudi nyuma. Kwa dereva maana yake ni moja: hata kama meli inakaribia kuondoka, lori lisubiri Kigali hadi muuzaji athibitishe kwamba hati imetoka. Gharama ya siku mbili za kusubiri ni ndogo kuliko kupoteza nyongeza ya bei ya kontena zima.

Mzigo unapofika Antwerp au Hamburg, maofisa huilinganisha hati na nyaraka nyingine, na wakiona haja hufungua kontena. Sampuli ikionyesha dawa isiyoruhusiwa, mzigo huzuiwa na uchunguzi hufanyika kurudi hadi kwenye kikundi. Hati isipokubaliwa, neno la kilimo hai hufutwa na kahawa huuzwa kama nyingine yoyote.

Nyaraka nyingine na masoko mengine

Hati hii haiondoi nyaraka za kawaida: cheti cha asili kutoka NAEB, cheti cha afya ya mimea kutoka RICA, na tamko la forodha la Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Kahawa isiyokaangwa haitozwi ushuru wa forodha Ulaya.

Kahawa kutoka upande wa Congo haiwezi kuingizwa katika shehena ya kikundi cha Rusizi, hata kama imelimwa kwenye kilima kinachotazamana nacho ng'ambo ya mto. Itasafiri kwa cheti cha kikundi chake na kwa asili yake.

Alama ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, inafaa kwa kuuza Kigali, Kampala au Nairobi. Haifungui mlango wa Ulaya. Marekani ina utaratibu wake, na tangu tarehe 19 Machi 2024 inadai hati ya uingizaji ya kielektroniki kwa kila shehena. Uingereza nayo hutumia hati yake tangu ijitenge na Umoja wa Ulaya.

Jambo la mwisho ni kanuni ya Ulaya ya kuzuia ukataji wa misitu, namba 2023/1115, inayoihusu kahawa yote, iwe ya kilimo hai au la. Imeahirishwa mara mbili, na tarehe iliyowekwa kwa kampuni kubwa na za kati ni 30 Desemba 2026. Itadai eneo la kila shamba lijulikane kwa vipimo vya ramani, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kikundi ambacho tayari kimechora ramani ya mashamba yake kwa ajili ya kilimo hai kinaweza kutumia vipimo hivyo hivyo.