Swali nililolizima darasani

Wadau, nimeadimika kidogo, testi zilitubana. Leo nina deni la kulipa.

Wakati wa TP mwaka jana, kijana mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono: "Mwalimu, binadamu ana jozi 23 tu za kromosomu, na jeni ni maelfu. Sasa zitarithiwaje kila moja kivyake kama alivyosema Mendel?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia hilo halitoki kwenye mtihani. Darasa likacheka, akakaa. Hakuuliza tena mpaka naondoka.

Juzi maktaba nikakuta swali lake ni la zamani. Mwaka 1905 huko Uingereza, Bateson, Saunders na Punnett walipandanisha maua ya jamii ya njegere, wakitegemea uwiano wa 9:3:3:1. Wapi! Maua ya zambarau yaliandamana mno na chavua ndefu, na mekundu na chavua ya duara. Waliliona, sababu hawakuijua.

Sababu ilitoka New York, Columbia University, kwenye chupa za maziwa zilizojaa inzi wa matunda. Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan alimpata dume mwenye macho meupe, kisha zikaonekana sifa nyingine zinazoandamana na macho hayo. Mwaka 1911 akaeleza: jeni zilizo kwenye kromosomu moja husafiri pamoja, kama abiria wa basi moja tuseme. Ila kromosomu za jozi hubadilishana vipande mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Jeni zilizo mbalimbali hutengana mara nyingi, zilizo jirani mara chache.

Sasa sikieni hii. Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa digrii ya kwanza kama sisi, umri kama miaka 20, akawaza: basi kiwango cha kutengana ni kipimo cha umbali! Akabeba takwimu nyumbani, kazi za darasani akaziweka pembeni, na karibu usiku mzima akachora ramani ya kwanza ya jeni. Ilichapishwa 1913.

Najiuliza, je, Morgan angemwambia haitoki kwenye mtihani?

Mwezi ujao narudi TP, shule nyingine. Yule kijana keshamaliza. Kama unapita hapa, mdogo wangu, uliuliza vizuri kuliko nilivyojibu. Nisamehe.