Kesi ya Itachi: Mashabiki wa Njiru na Hukumu ya Mhusika Mwenye Utata

Kijana wa miaka 13 anaamriwa na wazee wa kijiji chake auangamize ukoo wake mwenyewe kabla haujaipindua serikali. Anaua wote, baba na mama wakiwemo, ila mkono unamkataa anapofika kwa mdogo wake, Sasuke. Hamwelezi ukweli. Anamwambia kwamba aliua ili apime uwezo wake, kisha anamtaka aishi akimchukia. Huyo ni Itachi Uchiha wa Naruto, manga ya Masashi Kishimoto iliyotoka Japani tangu 1999 hadi 2014 kwa sura 700. Kwenye vibanda vya gemu na maduka ya muvi ya Njiru, kesi yake haijafungwa.

Makala hii inadai kwamba mabishano hayo ni uhakiki wa fasihi kwa maana yake kamili, na kwamba hisia ndizo zinazoupa uhakiki huo nguvu na makini. Taaluma yetu imeyapita bila kuyatazama kwa kuwa imezoea kumpima mhusika kwa orodha ya sifa. Wanaobishana ni wale wale tunaowakuta darasani wakiwa kimya.

Njiru iko pembezoni mwa Nairobi upande wa mashariki, kando ya Barabara ya Kangundo, baada ya Kayole na Komarock, ukielekea Ruai. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya jina hilo. Ni mahali pa machimbo ya mawe, ploti na magorofa ya kupangisha. Duka la muvi ni chumba chenye kompyuta moja na majina ya muvi yaliyobandikwa ukutani. Mteja anatoa fleshi, anataja msimu anaoutaka, analipa, anakwenda zake. Kibanda cha gemu nacho kina runinga mbili tatu, PlayStation iliyofunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, padi zilizochakaa herufi, na benchi la wanaosubiri zamu. Anayecheza macho yako kwenye skrini. Wanaosubiri ndio wenye nafasi ya kuongea, na hapo ndipo nadharia zinapotungwa, kupingwa na kutungwa upya.

Benchi hilo lina ukoo wake. Kizazi cha kabla ya hiki kilikuzwa na sauti ya DJ Afro, anayezisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani, kama Lufufu alivyofanya Tanzania. Msimulizi huyo hafasiri maneno tu; anashangaa, anaonya, anamcheka adui, anamshangilia steringi. Filamu alizozipendelea zilimruhusu, maana adui alijulikana tangu dakika ya kwanza. Anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, ilikuja bila msimulizi, ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha na wahusika wasiojulikana wako upande gani. Naamini kazi aliyoiacha wazi DJ Afro ndiyo iliyochukuliwa na benchi. Watazamaji husoma maandishi kimya, kila mtu nyumbani kwake, kisha hukutana kusimulia na kuamua.

Tumtazame Itachi kwa karibu. Kishimoto anamleta akiwa muuaji baridi, na kwa muda mrefu msomaji hana sababu ya kumwona vingine. Hata hivyo kuna vitu vidogo vinavyokataa kukaa sawa. Kwa nini muuaji wa ukoo mzima amwache hai mtoto mmoja, tena yule atakayekuja kulipiza? Kwa nini, katika pambano lao la mwisho, ananyoosha vidole viwili na kumgusa mdogo wake kwenye paji la uso kama alivyozoea kumfanyia walipokuwa nyumbani, kisha anaanguka akitabasamu? Shabiki anayempenda Itachi hukusanya vitu hivi kama wakili. Anayemchukia huvikusanya pia, ili aonyeshe kwamba havitoshi. Ukweli wa amri ya Danzo, mmoja wa wazee wale wa kijiji, unapofichuliwa baada ya kifo chake, hadithi nzima inabidi isomwe tena kutoka mwanzo, na wengi hufanya hivyo, wakirudi kwenye vipindi vya zamani kutafuta walichopita bila kukiona. Sijui zoezi la darasani linalomfanya mwanafunzi arudie sura mia kadhaa kwa hiari yake.

Kilichonivutia zaidi ni mahali ambapo wasomaji wa Njiru huweka uzito. Ukoo wa Uchiha ulikuwa polisi wa kijiji. Baada ya kijiji kushambuliwa na dubwana la mikia tisa, ulishukiwa, ukahamishiwa pembeni na kuwekwa chini ya uangalizi. Kwa msomaji wa kwingine huenda hii ikawa habari ya nyuma tu. Kwa kijana wa Eastlands, yaani mashariki mwa Nairobi, ndiyo kiini cha kesi. Nimesikia ikitetewa kwa ukali hoja kwamba kazi ya polisi ilikuwa mtego: wakuu waliwapa Uchiha kazi inayomfanya mtu achukiwe na majirani, wakawafungia mlango wa utawala, kisha wakashangaa walipokasirika. Mtetezi mmoja, kijana wa miaka kama 17, aliijenga hoja hiyo hatua kwa hatua, kutoka kwa Hokage (mkuu wa kijiji) wa Pili aliyewapa kazi hiyo hadi kwa Danzo. Alipofika mwisho, mwenzake akamuuliza swali moja: na wale Uchiha waliokuwa wakikamata watu usiku, nao walikuwa wametegwa? Benchi liligawanyika. Ukoo mmoja kuwa unaochungwa na unaochunga kwa wakati mmoja ni jambo ambalo wasomaji hao hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kuna historia chini ya mvutano huo. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni iliizingira Nairobi na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mitaa ya Eastlands, iliyotengewa Waafrika, ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Katika vita hivyo vya kupigania uhuru familia ziligawanyika kati ya msitu na uhomgadi, na nyumba nyingi hazikuzungumzia jambo hilo tena. Ngũgĩ wa Thiong'o alilichukua mwaka 1967 katika A Grain of Wheat, ambamo Mugo, anayeheshimiwa kama shujaa, ndiye aliyemtoa Kihika kwa wakoloni. Sidai kwamba anayebishana juu ya Itachi anamfikiria babu yake. Nadai kwamba swali la mtoto aliyeiuza damu yake kwa serikali, akiamini anazuia damu nyingi zaidi, halikuja kwetu na manga. Lilikuwapo, na lilikuwa limekosa mahali salama pa kuulizwa kwa sauti.

Lilikuwapo hata pwani, tena kwa muda mrefu zaidi. Shujaa wa pwani Fumo Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mtawala wa Pate kumshawishi mtoto huyo kwa ahadi. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unatupa picha isiyosahaulika ya Liyongo aliyekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, watu wakiogopa kuteka maji. Mwana anabaki msaliti, na anapata malipo ya msaliti. Usiku wake kabla ya sindano hatuonyeshwi kwa kirefu. Hilo si kasoro ya utenzi, kwa kuwa shughuli yake ni Liyongo. Lakini msomaji aliyemzoea Itachi akiletewa Liyongo, kitu cha kwanza atakachouliza ni habari za mwana. Nimejaribu hilo na vijana wachache, na muda si muda walikuwa wakidadisi umri wake, aliyemlea, na kama mama yake alijua.

Kwenye gemu kesi ina sura nyingine, kwa sababu mchezaji ana mkono ndani yake. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka mwaka 2004 na bado inachezwa. Carl Johnson anarudi Los Santos mama yake akiwa ameuawa, na baadaye anagundua kwamba Big Smoke, rafiki wa nyumbani, amemuuza yeye na wenzake kwa maadui wao, genge la Ballas, na kwa polisi fisadi Tenpenny. Mashabiki wameurudia mchezo mara nyingi wakitafuta ni lini ilipaswa kujulikana. Ushahidi wanaoutaja uko wazi kwa yeyote anayetazama. Mapema kabisa, gari la Ballas linapowashambulia walipotoka kununua chakula, wengine wanafyatua risasi na Big Smoke anaendelea kula. Nyumba yake mpya iko Idlewood, eneo la Ballas, na anakaa humo kwa amani. Kijana akikuonyesha tukio lile la chakula, akilisimamisha ili uione mikono ya Big Smoke, anafanya usomaji wa karibu ambao mhadhiri wa fasihi angeusifu. Uchungu ndio unaomfanya aone. Alikuwa ameendesha gari lile yeye mwenyewe, amemlinda Big Smoke kwa padi yake, na sasa anahisi ametapeliwa yeye binafsi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Hiroki Azuma. Katika kitabu chake cha 2001 kuhusu mashabiki wa Japani, Azuma alisema kwamba wameacha kuzijali hadithi kubwa, na sasa wanamtumia mhusika kama mkusanyiko wa vipengele, yaani nywele, mavazi na tabia fulani, vinavyochotwa kwenye hifadhi na kupangwa upya. Huenda anasema kweli kuhusu Akihabara, mtaa wa mashabiki hao kule Tokyo. Njiru sikuona mtu anayebishana juu ya nywele za Itachi. Wanabishana nani alitoa amri, nani alijua, nani angeweza kukataa. Wanachokidai ni hadithi yenye sababu na matokeo, kwa sababu wanaishi katika mji ambamo amri hutoka bila jina la aliyezitoa.

Upande wa pili wa barabara kuna shule. Uhakiki wetu wa Kiswahili, kwa msaada wa K. W. Wamitila na wengine, umewapa walimu istilahi nzuri za mhusika bapa na mhusika duara. Mtihani umezigeuza kuwa orodha. Wanafunzi waliosoma Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora wanaweza kukutajia kwa pumzi moja sifa za Mtemi Nasaba Bora: katili, mnyakuzi, mnafiki, mzinzi. Waulize kwa nini mtu wa namna hiyo anajinyonga, kitu ambacho katili wa orodha hawezi kukifanya, nao watatafuta kama swali hilo limewahi kutahiniwa. Walibora aliweka pale pengo ambalo msomaji alipaswa kulijaza kwa nadharia yake mwenyewe. Shabiki wa Njiru analijaza pengo la Kishimoto, akiulizwa ushahidi anautoa, na siku inayofuata darasani anaandika sifa sita na umuhimu wa mhusika.

Si kwamba vijana hawa hawana uhusiano na wahusika wa kwao. Shujaaz, jarida la katuni kwa Sheng lililoanza mwaka 2010 likigawiwa bure na gazeti, lilikuwa na Boyie, mtangazaji wa redio ya siri chumbani mwake, na wasomaji walimwandikia ujumbe kama rafiki, wakimuuliza mambo ya kazi na mapenzi. Boyie, hata hivyo, ni rafiki mwema. Hakuna anayehitaji kumtetea.

Pingamizi ninaloliheshimu linahusu huruma. Tukimwelewa kila muuaji, je, hatumwandalii udhuru? Mfano mgumu zaidi ni Eren Yeager wa Attack on Titan, manga ya Hajime Isayama iliyokwisha Aprili 2021. Eren anaamua kuukanyaga ulimwengu ili kuwaokoa walio ndani ya kuta zake, na asilimia 80 ya wanadamu wanakufa. Wapo wanaomtetea kwa maneno ambayo Mkenya yeyote aliyekuwa na akili timamu mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, aliyasikia yakisemwa kwa dhati: walituanza, hatukuwa na njia. Sitaki kulipunguza hilo. Nadharia ya shabiki inaweza kuwa shule ya kutetea mauaji, na kusema ni katuni tu si jibu, kwa maana hoja yangu yote inategemea kwamba si katuni tu.

Jibu nililolipata lilitoka kwenye benchi lenyewe. Wasichana hukaa kwenye vibanda hivi kwa uchache, na huja zaidi kwenye duka la muvi. Mmoja wao, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alisikiliza utetezi wa Itachi hadi mwisho, kisha akataka atajiwe majina ya Uchiha waliouawa usiku ule. Walipatikana Fugaku na Mikoto, wazazi, na baada ya hapo majina machache ya kubabaisha. Akasema kwamba kama hawajui majina hawawezi kujua bei, na kama hawajui bei wasimwambie kwamba amani ilinunuliwa kwa bei nafuu. Alikuwa amemsoma Kishimoto kwa jicho pana kuliko watetezi wote: ameona hadithi inampa muuaji utoto, machozi na ugonjwa, na kuwaacha wafu wakiwa idadi. Hakuna aliyemjibu vizuri, na wala hawakumfukuza.

Baada ya hapo kesi ilihamia kwenye uongo. Wengi walikuwa tayari kumwachia Itachi amri, umri wake, hata upanga. Walichokataa kumwachia ni kumficha Sasuke ukweli na kumpangia maisha ya chuki kana kwamba ni yake kuyapanga. Mugo wa Ngũgĩ anasimama mbele ya umati Desemba 1963 na kusema ni yeye. Itachi anakufa kimya, na mdogo wake anaupata ukweli kutoka kwa mtu mwenye nia mbaya. Anayetaka kuipima nadharia hiyo ana ushahidi ndani ya kitabu. Itachi anapofufuliwa katika vita vya mwisho, anamwambia Sasuke kwamba angalimweleza yote tangu awali, wakatazamana kama walio sawa, huenda hata wazazi wao wangalibadilika. Watetezi wanausoma ukurasa huo kama msamaha. Wapinzani wanausoma kama ungamo la mtu aliyekwisha kufa, lisilomgharimu kitu, na wanauliza kwa nini kijiji kilichotoa amri hakijaungama lolote.