Mwaka 1863 na Matanuri ya Mbozi: Hoja juu ya Uainishaji wa Malikale Nyanda za Juu Kusini

Sheria ya Malikale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inatenga urithi wa kale kwa tarehe. Jengo, ngome, kaburi au muundo mwingine uliojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 unalindwa moja kwa moja. Kadhalika kitu kinachohamishika kilichotengenezwa kabla ya mwaka huo. Milango ya kuchonga imepewa mpaka wake, mwaka 1940. Kisichoingia katika mafungu hayo husubiri waziri akitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani mpaka huu hauna taabu, kwa kuwa hakuna anayeshuku kwamba kuta zile ni za karne nyingi kabla yake. Iringa na Mbeya mambo ni mengine. Hoja ya makala haya ni kwamba fungu la kitu cha kale linapaswa kuamuliwa kwanza na yale yanayoonekana kwenye kitu chenyewe, na umri uandikwe kando kama hitimisho lenye ushahidi wake. Sheria imefanya kinyume: imeutanguliza umri, na katika nyanda hizi umri ndio mgumu kuliko yote kuuthibitisha.

Uainishaji unaotanguliza yanayoonekana umekwisha kujaribiwa hapahapa. Korongo la Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kando ya barabara ya Mbeya, lilichimbwa na F. Clark Howell na wenzake mwaka 1957 na 1958. Zana zilizopatikana humo ni miongoni mwa zile ambazo Maxine Kleindienst alizitumia kuunda mafungu ya zana za mawe za Kiasheuli za Afrika Mashariki, aliyoyachapisha mwaka 1962. Tuchukue jiwe moja la huko. Limetengenezwa kutokana na kibanzi kikubwa. Pande zake mbili zimechongwa kwa mapigo mengi, lakini makali ya mbele, mapana na yaliyonyooka, yameachwa kama yalivyobanduka. Jingine lina pande zilizochongwa zinazokutana kwenye ncha. Watu wawili wasiofahamiana watayatenga mawe hayo vilevile, kwa sababu kigezo kiko mkononi mwao. Ndiyo maana hesabu za Isimila ziliweza kulinganishwa na za Olorgesailie nchini Kenya na za maporomoko ya Kalambo, na ulinganisho huo ukaonyesha kwamba mahali pengine zana kubwa zimejaa na pengine ni chache mno, tofauti ambayo kupita kwa wakati peke yake hakuielezi. Umri wa Isimila, unaokadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi, ulipimwa baadaye kwa urani. Laiti mafungu yangeusubiri, kazi yote hiyo isingefanyika.

Sasa tuhamie Mbozi, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipokuwa mkoa mwaka 2016. Wanyiha wa huko, kama jirani zao Wafipa, waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na ufundi huo uliendelea hadi karne ya 20. Yanayobaki ardhini ni kitako cha udongo ulioungua, vipande vya mirija ya kupitishia hewa, na marundo ya mavi ya chuma. Je, tanuri hili ni la kabla ya mwaka 1863 au la baada yake? Umbo halisemi, kwa kuwa mafundi walirithishana umbo lilelile. Makaa yaliyonaswa ndani ya mavi ya chuma yanaweza kupimwa kwa kaboni, lakini kaboni ya angani ilipanda na kushuka katika karne tatu zilizopita kiasi kwamba kipimo kimoja huweza kuafiki mwaka 1700 na mwaka 1900 kwa pamoja. Basi sheria inauliza swali ambalo maabara haiwezi kulijibu, na huku jibu likikosekana, jembe na trekta vinaendelea na kazi.

Kwa majengo umri unafahamika, na hapo ndipo dosari ya pili inapojitokeza. Ngome ya Lipuli huko Kalenga ilijengwa katika utawala wa Mkwawa, chifu wa Wahehe, ulioanza mwaka 1879, ikatekwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894. Misheni ya Wamoravian ya Rungwe ilianza mwaka 1891. Boma la Iringa, lililo makumbusho tangu 2016, ni la enzi za Wajerumani. Yote yanaanguka nje ya mstari. Mahali ambapo Wahehe walipigania nchi yao hapapati ulinzi wa moja kwa moja, na kwangu hilo ni kasoro nzito ya sheria ya taifa huru.

Itajibiwa kwamba waziri ana mamlaka ya kutangaza. Ni kweli, na kwa Lipuli mamlaka hayo yanatosha. Lakini tangazo huhitaji kitu kilichokwisha kujulikana. Tanuri lililofukiwa shambani halina wa kuliombea. Wengine watasema kwamba hata umbo hupotosha, maana tunaliita lile jiwe la Isimila lenye ncha shoka la mkono bila kuthibitisha kwamba lilikata mti. Pingamizi hili lina uzito, na dawa yake ni kutenga safu ya matumizi yanayodhaniwa mbali na safu ya umbo, ili dhana ikibatilika umbo lisiguswe. Pingamizi gumu zaidi ni la mwanasheria: bila tarehe, kila banda la kuku litakuwa malikale, na wilaya hazina watumishi wa kulinda kila kitu. Hapa nakubali kwamba mpaka unahitajika. Ninachokataa ni mahali ulipowekwa mzigo wa ushahidi.

Mzigo huo ugeuzwe. Sheria itaje aina za miundo kwa sifa zinazotambulika uwandani, kama vile tanuri la kuyeyushia chuma, ukuta wa ngome na kaburi la mawe, na kila muundo wa aina hizo ulindwe kwa muda hadi mtaalamu athibitishe kwamba ni wa juzijuzi. Katika orodha ya wilaya, tanuri la Mbozi litaandikwa kipenyo cha kitako, udongo wake, idadi ya mirija na ukubwa wa rundo la mavi ya chuma, mambo ambayo ofisa utamaduni mwenye futi ya kupimia anaweza kuyajaza siku hiyohiyo. Safu ya umri ibaki wazi mpaka kipimo kitakapopatikana, na uwazi huo usiwe tena sababu ya kulinyima tanuri ulinzi.