Sakafu na Matayarisho Yake

Katika nyumba hakuna kitu kitumikacho sana na kutazamwa kidogo kama sakafu. Mgeni aingiapo husifu kuta, madirisha na dari; sakafu huikumbuka siku inapomkwaza. Hata hivyo, historia ya ujenzi yatufundisha kwamba sakafu imewasumbua mafundi wa kila zama, na kwamba taabu yao kubwa haikuwa katika uso unaong'aa, bali katika matayarisho yaliyo chini yake, ambayo yakisha kumalizika hayaonekani tena. Katika insha hii tutaifuata habari hiyo kutoka Roma ya kale hadi pwani yetu, na kutoka hapo hadi sakafu za siku hizi zipakwazo utomvu uitwao epoksi. Hivyo tutapata kujua kwa nini sakafu moja hudumu miaka mingi, na nyingine hubambuka kabla ya mwaka kwisha.

Yapata miaka 2,000 iliyopita, msanifu wa majengo wa Kirumi aitwaye Vitruvius aliandika vitabu kumi juu ya ujenzi. Katika kitabu cha saba alieleza jinsi ya kufanya sakafu. Hakuanza na marimari wala vijiwe vya rangi. Alianza na ardhi. Alitaka ichunguzwe kama ni ngumu pahali pote, isawazishwe, kisha itandikwe mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi. Juu yake ziliwekwa kokoto zilizochanganywa na chokaa, sehemu tatu kwa moja, na makundi ya watu wakazishindilia kwa magogo. Likafuata tabaka la vigae vilivyopondwa, navyo vimechanganywa na chokaa kwa kipimo hicho hicho. Ndipo yakaja mawe ya urembo. Tajiri wa Kirumi aliyetembea juu ya mawe hayo hakuona hata moja ya kazi hizo za chini, lakini bila hizo mawe yake yangalipasuka na kutitia.

Pwani yetu nayo ilikuwa na elimu yake. Neno lenyewe sakafu limetoka katika lugha ya Kiarabu, ambamo maana yake ni paa. Huenda mwanafunzi akastaajabu: paa na sakafu, wapi na wapi? Lakini katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, sakafu ya ghorofa ya juu ndiyo dari ya chumba cha chini, na ile ya juu kabisa ndiyo paa. Mafundi walipanga boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, nazo kwa kuwa si ndefu, vyumba vikawa vyembamba, upana wake ukikaribia mita 3 tu. Juu ya boriti waliweka mawe ya matumbawe, na juu ya mawe wakamwaga kokoto na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni, kisha kuyazima kwa maji.

Sikilizeni jinsi watu wa pwani walivyoiita kazi iliyofuata: hawakusema kumwaga sakafu wala kupaka sakafu, bali kupiga sakafu. Kwa siku nyingi watu walipanga safu wakaipiga kwa vijiti vya mti, mpaka maji yakatoka, nyufa zikafunga na uso ukashikamana. Haikuwezekana kufanya haraka, kwa maana chokaa huwa ngumu polepole, kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyo katika anga. Mji wa Gedi, karibu na Malindi, uliachwa na wenyeji wake katika karne ya 17 na kumezwa na msitu. Lakini James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948, mabaki ya kazi hiyo ya mawe na chokaa yalikuwa yangalipo.

Mambo yaligeuka ilipokuja saruji. Tarehe 21 Oktoba 1824, Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds huko Uingereza, alipewa hati ya uvumbuzi wa saruji aliyoiita Portland, kwa sababu alifikiri yafanana na mawe ya huko Portland. Hapa Kenya kiwanda cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, kikitumia mawe yale yale ya matumbawe ambayo mababu waliyachoma kupata chokaa. Saruji haingoji hewa. Huwa ngumu kwa kuungana na maji. Zege likimwagwa leo, kesho mtu hutembea juu yake.

Wepesi huo ndio uliowadanganya wengi. Zege liwezalo kukanyagwa halijawa zege lililokomaa. Mafundi huupima uthabiti wake baada ya siku 28, na katika siku za mwanzo hulimwagilia maji lisikauke upesi. Tena kuna ila nyingine. Fundi akizidisha maji, au akisawazisha uso mno likiwa bado bichi, maji hupanda juu yakichukua saruji na mchanga mwembamba. Yakikauka huacha utando dhaifu, mweupe kama maziwa. Kwa macho ni laini na wa kupendeza; ukikwaruzwa kwa msumari hutoka unga. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Katika hali hiyo ndipo epoksi ilipoingia. Pierre Castan wa Uswisi, akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1938. Na huko Marekani Sylvan Greenlee alifanya kazi kama hiyo katika miaka ya 1940. Epoksi ni vitu viwili, utomvu na kigumishi. Vikichanganywa, huungana vikawa kitu kimoja kigumu kisichorudi kuwa majimaji tena. Kwanza ilisifiwa kama gundi, baadaye ikapakwa juu ya sakafu za hospitali, viwanda na maghala, kwa kuwa haina viungo vya kuficha uchafu na huoshwa kwa urahisi.

Lakini gundi hushika kile inachokigusa. Ikigusa vumbi, hushika vumbi. Ikigusa nta, hushika nta. Ikigusa utando dhaifu, hubambuka pamoja na utando wake. Kwa hiyo hapana budi fundi ahakikishe kwamba epoksi italigusa zege lenyewe.

Kwanza hungoja zege likomae. Pili hupima unyevu: hutandika kipande cha nailoni chenye upana wa sentimeta 45 kila upande, akakibandika kingo zote, na baada ya saa 16 au zaidi hukifunua. Akiona matone au zege limekuwa jeusi, ajua kwamba maji yangali yakipanda, nayo yataisukuma epoksi kutoka chini. Dawa iliyo bora ya jambo hilo ni kutandika nailoni juu ya ardhi kabla zege halijamwagwa. Maana yake matayarisho ya uso huanza chini ya sakafu, kama alivyoagiza Mrumi. Tatu huondoa mafuta na nta. Sakafu nyekundu tunazozijua katika nyumba na shule nyingi zimesuguliwa nta miaka mingi; tone la maji likiwekwa juu yake hukaa kama ushanga, lisinywewe. Nne huukwangua ule utando. Zamani wengi waliuunguza kwa asidi na kuosha. Sasa hutumiwa zaidi mashine za kusaga zenye meno ya almasi, au zirushazo chembe za chuma. Mwaka 1997 taasisi moja ya Marekani ya watengenezaji wa zege ilitoa vielelezo tisa vya ukwaru wa uso, fundi apate kulinganisha kwa mkono na macho. Mwaka 2013 kikaongezwa cha kumi. Mwisho huziba nyufa na kuvuta vumbi lote, ndipo afungue kopo la kwanza.

Vumbi hilo si la kudharauliwa. Limejaa chembe za mchanga zinazokata mapafu, nazo zikiingia hazitoki. Mapema kama mwaka 1556, kitabu cha Georgius Agricola juu ya machimbo kilieleza jinsi vumbi la mawe lilivyowaua wachimbaji. Kwa hiyo mashine ya kusaga haina budi kufungwa kifyonza vumbi au kutiwa maji, na mfanyakazi avae kinga ya pua inayofaa. Mwenye nyumba atafurahia mng'aro. Mfanyakazi asilipe kwa pumzi yake.

Nanyi vijana, siku moja mtakuwa wakuu wa shule, wauguzi, wahandisi na wenye viwanda, nanyi mtaajiri mafundi. Sakafu ya chumba cha upasuaji ikibambuka, maji machafu hujificha katika mashimo, chumba hufungwa, na hospitali hulipa mara mbili kwa kazi moja. Basi akija fundi mwenye bei ndogo kuliko wenzake wote, msimwulize kwanza habari ya rangi. Mwulizeni zege litangoja siku ngapi, unyevu ataupimaje, utando atauondoa kwa chombo gani, na watu wake watavuta hewa gani. Mara nyingi bei hiyo ndogo imepatikana kwa kuziacha kazi ambazo hakuna atakayeziona.