Kizima na Kilichopungua

Neno heal la Kiingereza lina ndugu wawili ambao ni vigumu kuwatambua: whole na holy. Katika Kiingereza cha kale, hal ilikuwa hali ya kitu kizima, kisichopungua, na hælan ilikuwa kukirudishia uzima huo. W ya whole iliingia kwenye tahajia karne ya 15, haitamkwi, na kazi yake kubwa tangu hapo imekuwa kuficha undugu. Watu walisalimiana wes hal, yaani uwe mzima. Watafsiri wa Injili wa karne ya 10 walipokuta jina Yesu, waliandika Hælend, Mponyaji.

Mswahili hashangai. Mkate mzima, mtu mzima, "u mzima?" ni neno lilelile, ingawa hatukuazima kwao wala wao kwetu.

Ila neno hili linadai mno. Shangazi yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Faili lake linasema kidonda kimepona, na ni kweli. "Kimepona kidonda," husema mwenyewe. "Mimi nimepungua."

Kwa hiyo mimi napendelea cure. Asili yake ni cura ya Kilatini: kujali, kuangalia, kuhangaikia. Ilipoingia Kiingereza ilibeba kwanza maana hiyo. Kumaliza ugonjwa kulifuata baadaye. Kasisi msaidizi wa Kianglikana bado huitwa curate kwa kuwa alikabidhiwa roho za watu aziangalie. Hakuna aliyemtaka azimalize shida zake.

Jioni binamu yangu humpaka shangazi mafuta kwenye kigutu, wakibishana kuhusu tamthilia.