Mti Mfu na Tezo katika Nchi ya Ihanja

Zamani, kabla mkoa wa Singida haujaundwa mwaka 1963, na kabla ya wilaya ya Ikungi ya mwaka 2012, Ihanja, iliyo leo ndani ya wilaya hiyo, ilikuwa sehemu ya nchi ya Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi, watu wa uwele, mtama na ng'ombe, waliotundika mizinga juu ya miti kwa kuwa asali ilikuwa kwao chakula na dawa, na pombe yake ilikuwa na heshima katika mikutano ya wazee.

Mzinga wa gogo ni sanaa ya mti mfu. Mti mbichi ni mwepesi kwa chuma, lakini hupasuka unapokauka, ilhali mninga uliokufa zamani, ambao mchwa wamekwisha kuula ubao mweupe wa nje na kuacha kiini kigumu, umekwisha kutulia; na ukiwa na uvungu, nusu ya kazi imefanywa na maumbile. Fundi hulipasua gogo kwa kabari, hukomba kila kipande kwa tezo, kisha huviunganisha kwa kamba na kuwaachia nyuki tundu. Tezo hushuka kuelekea muundi wa anayeishika. Kwa hiyo fundi husimama akiwa ametanua miguu, gogo likiwa limetegwa lisigeuke, na pigo lake ni fupi. Hadhari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo elimu kubwa ya kazi hii.

Japani nako wako mafundi wa miti midogo ya vyunguni, ambao huchonga tawi lililokufa likabaki jeupe juu ya shina lililo hai, na Masahiko Kimura alipata sifa kwa kutumia mashine mahali pa patasi. Miongoni mwa mashine za kuchongea, grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski yake yenye meno ikikutana na fundo huruka nyuma kabla mkono haujatambua, na vumbi la mninga huwaletea baadhi ya watu pumu. Mchongaji wa leo, basi, na alibane gogo kwa jiriwa, asiondoe kinga ya diski, ashike kwa mikono miwili, avae miwani na barakoa, achomoe waya kabla ya kubadili diski, na akumbuke kwamba tezo hutulia pamoja na mkono, bali diski huendelea kuzunguka baada ya umeme kuzimwa, hivyo asiiweke grenda chini mpaka diski imesimama kabisa.